"Nimeitengeneza Mwenyewe": Makosa 5 ya Bunduki Yanayoishia kwa Fundi

Mteja anaingia dukani na mfuko wa nailoni. Ndani mna bastola iliyofumuliwa, springi mbili zilizojikunja, na skrubu moja isiyojulikana ilitoka wapi. "Niliifungua kuisafisha tu," anasema.

Mafundi wa silaha nchini Marekani wanaijua hadithi hii vizuri. Kule, kisheria kinachohesabika kuwa bunduki ni ile fremu yenye namba. Vipuri vingine karibu vyote, kuanzia mtutu hadi springi, mtu huagiza mtandaoni kama anavyoagiza vipuri vya baiskeli. Ukiongeza video za mafunzo na bisibisi ya nyumbani, wengi hujiona mafundi.

Tatizo ni kwamba bunduki haisamehi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama psi 32. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9, kwa viwango vya Marekani, inaruhusiwa kufikia psi 35,000, yaani zaidi ya mara elfu moja ya tairi. Risasi ya bunduki ya kuwindia aina ya .308 hufika psi 62,000. Nguvu yote hiyo inalipuka sentimita chache tu kutoka usoni mwa mpigaji.

Haya ni makosa matano yanayojulikana sana kwa mafundi, kuanzia lile la aibu hadi lile la hatari zaidi.

1. Bisibisi ya nyumbani

Bisibisi ya kawaida ina ncha iliyochongoka kama kabari. Skrubu za bunduki zina mfereji mwembamba wenye kuta zilizonyooka. Ukikaza, bisibisi inateleza, inang'oa kichwa cha skrubu na kuacha mkwaruzo mrefu kwenye chuma. Mafundi hutumia bisibisi zilizochongwa zikae sawasawa kwenye mfereji huo. Hapa hakuna anayeumia, ila mkwaruzo haufutiki kirahisi.

2. Kuing'arisha bunduki ya zamani

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani walinunua kwa bei poa bunduki nyingi za kijeshi kutoka nje, hadi sheria ya mwaka 1968 ilipobana uingizaji wake. Wengi walikata mbao, wakapiga msasa na kutoboa matundu ya kufungia darubini.

Leo wajukuu wanazirithi na kuuliza thamani yake. Jibu huwa chungu. Rangi ya asili na mihuri iliyosagwa hairudi, na wakusanyaji hulipa zaidi kwa bunduki iliyochakaa lakini haijaguswa. Tundu la darubini likitobolewa upande, fundi hulazimika kuliziba na kutoboa upya.

3. Risasi iliyokwama mtutuni

Wakati mwingine risasi yenye baruti pungufu hutoa mlio hafifu, "pufu", na kichwa chake kinakwama katikati ya mtutu. Asiyejua hufyatua nyingine ili kuisukuma ile ya kwanza. Matokeo ni mtutu kuvimba au kupasuka.

Mwingine huingiza drili. Hiyo haimuui mtu, lakini inakwangua mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Fundi hutumia mafuta na fimbo ya shaba iliyojaa mtutu, akaigonga taratibu. Kazi ya dakika chache inageuka kuwa gharama ya mtutu mpya kwa sababu ya haraka ya mwenye mali.

4. Kubadilishana bolti

Mtu ana bunduki mbili za aina moja, bolti ya moja imeharibika, basi anachukua ya nyingine. Inaingia vizuri, inafunga vizuri. Kumbe haifai.

Mfano mzuri ni Lee-Enfield, jamii ya bunduki waliyobeba pia askari wa King's African Rifles. Toleo lake la No. 4 lilikuwa na vichwa vya bolti vya saizi nne, namba 0 hadi 3, ili fundi achague kinachoacha nafasi sahihi nyuma ya risasi. Nafasi ikizidi, ganda la risasi hunyooka na kukatika, na gesi ya moto hurudi kwa mpigaji. Jicho halioni tofauti hiyo. Fundi huipima kwa geji maalumu.

5. Kulainisha triga

Hili ndilo baya kuliko yote. Mwenye bastola anaona triga ni nzito, anachukua tupa au grenda ndogo na kusugua vyuma vya ndani.

Kwenye bastola nyingi, nyundo hushikiliwa na vijino vidogo mno. Kwenye bastola ya 1911, muundo wa John Browning, vijino hivyo ni takriban nusu milimita. Isitoshe, vipuri vingi vya aina hii hufanywa vigumu kwenye ngozi ya juu tu. Ukiimaliza ngozi hiyo, chini yake kuna chuma laini kinachoendelea kulika kila unapofyatua.

Ndiyo maana siku ya kwanza triga huwa tamu ajabu, na mwenyewe hujisifu. Baada ya muda, nyundo inaanguka yenyewe bastola inapoangushwa au inapokokiwa. Nyingine hutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, na hapo linaingia suala la sheria: Marekani huhesabu silaha ya namna hiyo kuwa bunduki ya rashasha, inayodhibitiwa tangu 1934.

Fundi hufanyaje?

Kwa triga iliyosuguliwa, fundi makini hajaribu kuokoa kipuri. Anakitupa na kuweka kipya, kisha anajaribu kwa risasi bandia kabla ya risasi halisi. Mteja akikataa gharama, wapo mafundi wanaokataa kazi yote, kwa sababu hawataki jina lao lihusishwe na silaha inayoweza kumuua mtoto chumba cha pili.

Fundi huyo naye lazima awe na leseni ya serikali kuu, na silaha inayolala dukani kwake huandikwa kwenye daftari. Kenya nako, sheria ya silaha inamtaka anayetengeneza bunduki kibiashara awe amesajiliwa.

Anayepeleka silaha kwa fundi anatakiwa kufanya mambo matatu: aitoe risasi zote, abebe kila kipande hata kilichovunjika, na aseme ukweli. Neno "sijaigusa" humfanya fundi atafute kosa mahali pasipo sahihi, na kosa lisiloonekana ndilo hurudi nyumbani na bunduki.