Garimoshi la Bububu: Kutoka Njia ya Sultani hadi Banda la Bustani



Marehemu bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akituambia kwamba Bububu ilipata jina lake kutokana na mlio wa garimoshi. Alikuwa akikunja midomo na kutoa sauti nzito, "bu-bu-bu", nasi wajukuu tukicheka katika sebule yenye baridi ya Uingereza. Yeye mwenyewe hakulipanda. Alisimuliwa na baba yake. Hadithi hiyo ndiyo iliyonitia mimi, miaka mingi baadaye, katika banda la bustani na tupa mkononi, nikiunda garimoshi dogo linalokwenda kwa moto na maji ya kweli. Na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonilazimisha kuuliza iwapo maneno ya bibi yalikuwa sahihi.

Kwanza tukumbushane historia yenyewe, kwani vijana wetu wengi hawajui kwamba Unguja iliwahi kuwa na reli, tena si moja bali mbili.

Reli ya kwanza ilikuwa ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1879 ilitandikwa njia ya kiasi cha maili saba kutoka kasri la mjini hadi kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani aliagiza injini ya mvuke kutoka kwa Bagnall, watengenezaji wa mji wa Stafford, Uingereza. Ilikuwa injini ndogo ya magurudumu manne, yote yakisukumwa na mvuke, iliyobeba maji yake mwilini mwake bila ya kuhitaji behewa la nyuma. Tukumbuke kwamba ujenzi wa reli ya Mombasa kwenda Uganda ulianza 1896; mlio wa mvuke juu ya reli ulisikika Unguja miaka kumi na tano kabla. Lakini ilikuwa njia ya mtawala, na mtawala alipofariki mwaka 1888 haikupata mwingine wa kuitunza. Reli ziling'olewa, na injini ikauzwa kama chuma chakavu.

Reli ya pili ndiyo ya hadithi ya bibi. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, wafanyabiashara waliokuwa wakinunua pembe za ndovu, na ikaanza kazi mwaka 1905. Ilitoka karibu na Ngome Kongwe, ikapenya vichochoro vya Malindi, mahali ambapo aliyekaa dirishani karibu angeweza kumpa mkono abiria, kisha ikaelekea kaskazini kwa maili saba hadi Bububu. Hii haikuwa njia ya kasri. Aliyekuwa na nauli alipanda, na miongoni mwao alikuwa baba yake bibi. Magari yalipoongezeka barabarani katika miaka ya 1920, reli ilipoteza abiria wake, nayo pia ikang'olewa. Leo mtu anaweza kwenda kwa daladala kutoka mjini hadi Bububu asijue kwamba garimoshi liliwahi kwenda huko.

Sasa nieleze habari ya garimoshi dogo. Wako watu wenye mapenzi ya kuunda injini za mvuke majumbani mwao, si za kuweka kabatini bali za kuwashwa moto. Huku Uingereza jambo hili lina historia yake. Gazeti lao mashuhuri, Model Engineer, lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Mwaka 1924 kulizuka ubishi mkubwa baina yao: je, injini ndogo yenye kuchoma makaa ya mawe inaweza kufanya kazi ya kweli, au ni lazima iwashwe kwa spiriti na ibakie mchezo? Fundi mmoja aliyeandika kwa herufi LBSC aliwajibu kwa vitendo. Alileta injini yake, iliyokwenda juu ya reli zenye upana wa inchi mbili na nusu tu, akatia makaa, na ikamvuta mtu mzima. Injini hiyo aliipa jina la Ayesha. Nilipolisoma jina hilo nilitabasamu, nikaona kama nimekaribishwa.

Sikutaka kudai kwamba nitaifufua injini ya Seyyid Barghash. Nilichukua mchoro uitwao Sweet Pea, kazi ya Jack Buckler, unaofuata umbo la injini ndogo za Bagnall na kwenda juu ya reli za upana wa inchi tano. Kwa hiyo injini yangu si picha ya ile ya Sultani. Ni ya ukoo wake. Sisi tulioachana na visiwa vyetu vizazi viwili au vitatu tunaijua tofauti hiyo.

Kazi huanza na sahani mbili za chuma ambazo ndizo uti wa mgongo. Kisha magurudumu, yajayo yakiwa yamesubiwa kwa chuma kizito, nawe huyakereza mpaka yawe duara kamili. Hapo nilikosea kosa langu la kwanza. Vishikizo vya magurudumu ya upande mmoja ni lazima vitofautiane na vya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, ili pistoni moja inapofika mwisho wa mwendo wake na kukosa nguvu, ya pili iwe katikati ya kazi. Tena robo hiyo iwe ile ile katika kila ekseli. Mimi niliikadiria kwa jicho katika ekseli ya nyuma. Nilipofunga vyuma vya kuunganisha magurudumu, injini ilisogea nusu duru ikakwama. Fundi mzee wa Kiingereza aliyekuwa akinifundisha hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Ulipima, au ulikumbuka?" Nilivunja kazi ya wiki mbili nikaanza upya.

Boila ndilo moyo wa kazi na ndipo penye hatari. Langu ni la shaba nyekundu, tanuri lake ni bomba pana lililomo ndani ya bomba jingine, na viungo vyake vimeshikwa kwa lehemu ya fedha. Si kila kitu kinakubali kupunguzwa. Ukiifanya injini iwe ndogo mara kumi kwa urefu, eneo la kupashia moto hupungua mara mia, na nafasi ya maji hupungua mara elfu. Lakini maji yenyewe huchemka vile vile, na moto huvuta hewa vile vile. Ndiyo maana fundi haweki mabomba mengi membamba kama katika injini kubwa. Huweka machache yaliyo manene kiasi, la sivyo masizi huyaziba na moto hufa.

Kabla ya kuwashwa, boila jipya hujazwa maji baridi pomoni, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya kanieneo litakalofanyia kazi. Litakalotumika kwa ratili 80 kwa inchi ya mraba hujaribiwa kwa ratili 160. Hutumika maji kwa sababu hayabanwi kama mvuke. Kiungo kikishindwa, boila huvuja tu, halipasuki. Langu lilivuja. Tone moja lilijitokeza penye kiungo cha bomba, likakaa, kisha likafuatwa na jingine. Nililehemu upya, na mara ya pili likasimama kavu mbele ya mkaguzi.

Katika majira hayo ya kupima na kupima tena, swali la jina la Bububu halikuniacha. Nilikifungua kitabu cha Sayyida Salme binti Said, dada yake Seyyid Barghash, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886. Humo anaeleza habari za maisha yake katika shamba la Bububu, kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Jina lipo pale wazi, katika kitabu kilichotangulia garimoshi kwa miaka kumi na tisa, na katika maisha yaliyolitangulia kwa takriban miaka arubaini. Garimoshi halikuipa Bububu jina. Bububu ndiyo iliyolipa garimoshi jina, na watu waliokwisha kulijua jina hilo wakalisikia katika mlio wa mvuke.

Nilimpigia simu ami yangu aliyeko Maskati. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, na hadithi hiyo huisimulia kila Idi. Nilijua ninagusa kitu cha mama yake. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo mama alikosea." Nikamjibu, "Kwa jina, ami, naam. Lakini baba yake alilipanda, na mlio alimfikishia sahihi. Asingetufikishia mlio, mimi nisingelitafuta jina."

Siku nilipowasha moto mara ya kwanza, nilimwekea ami simu karibu na reli asikie. Gurudumu likizunguka mara moja, mvuke hutoka dohanini mara nne. Ikienda polepole, mapigo hayo huhesabika. Ami alisikiliza mpaka injini ikapita, ikarudi. Hakusema kitu kuhusu jina. Aliuliza tu kama nimewahi kuwaandikia watoto wangu haya yote. Makala hii ni jibu langu kwake.

Nanyi nawaomba jambo moja. Katika masanduku yenu zimo picha za Malindi na Bububu za zama hizo. Ziandikeni nyuma, kwa kalamu ya risasi: nani, wapi, mwaka gani. Penye yakini andikeni yakini, na penye "tulisikia" andikeni "tulisikia". Vyote viwili ni urithi wetu, mradi visichanganywe.