Kwa nini ndege ndogo hutua Mafia na si Tukuyu

Msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda kisiwa cha Mafia anaweza kupanda ndege ya injini moja yenye viti kumi na viwili hivi, akavuka bahari na kutua Kilindoni kabla saa haijaisha. Anayekwenda Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwa ndege hushukia uwanja wa Songwe, kisha huingia kwenye gari, akapita Mbeya na Uyole na kuvuka milima ya Uporoto. Kwa hesabu ya watu hili linaonekana kama upendeleo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 339,157 Rungwe, pamoja na eneo la Busokelo, na 46,438 tu Mafia. Rungwe ina chai, ndizi na parachichi, na udongo wake wa volkano unanyeshewa zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, historia ya usafiri wa anga katika nchi yetu inaonyesha kwamba ndege ndogo haifuati wingi wa watu wala rutuba. Hufuata kizuizi ambacho gari haliwezi kukivuka, na hudumu pale tu umma unapokubali kubeba gharama ya kiwanja.

Wapo wanaoweza kusema kwamba Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kwenye njia kuu ya anga kabla ya miji mingi ya Afrika, kwa hiyo zilinyang'anywa haki yao. Ni kweli kwamba zilikuwepo. Tarehe 20 Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kila wiki kutoka London hadi Cape Town, na ndege zake zikitoka Nairobi zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Mbeya ulikuwa mji mchanga wa wachimba dhahabu wa Lupa, na Tukuyu ilikuwa umbali wa kilomita zipatazo 70 tu. Lakini ndege za injini tatu za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutua Mbeya. Ilipofika 1937, shirika hilo lilileta ndege kubwa za majini zilizopita pwani, kwa Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, hadi Durban, na Mbeya ikaachwa nje ya njia kuu. Jambo kama hilo lilijirudia Ziwa Nyasa. Mwaka 1949 ndege za majini za BOAC zilianza kutua Cape Maclear, kusini kabisa mwa ziwa ambalo fukwe zake za Kyela wakati huo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Rungwe, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafa. Njia inayochorwa na ukubwa wa tangi la mafuta hufutwa tangi likikua. Wenyeji hawakuombwa ushauri ilipokuja, wala ilipoondoka.

Mafia ni habari nyingine. Pale kizuizi ni bahari yenyewe, na bahari haikui wala haipungui kwa sababu mtu kaunda injini mpya. Boti zinazotoka Nyamisati, upande wa bara, hutegemea upepo na maji, na kusi likivuma safari huwa ngumu. Shirika la ndege la East African Airways, lililoanza 1946, lilivunjika 1977 na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo. Miaka ya 1990 anga ikafunguliwa kwa mashirika binafsi. Wenye mashirika wamebadilika, mahitaji ya kisiwa yamebaki. Lakini mashirika hayo hayakujenga njia ya lami ya Kilindoni. Iliwekwa kwa msaada wa serikali ya Marekani, kupitia mpango wa Milenia ulioanza 2008. Watalii wanaofuata papa potwe hulipa nauli inayosaidia ndege kujaa, ila wameikuta njia ambayo umma uliilipia.

Hoja nzito zaidi ni ya mazao. Parachichi la Rungwe linauzwa Ulaya, basi kwa nini lisiruke? Kwa sababu ndege ndogo kama ya Mafia hubeba kama tani moja, na lori moja hubeba makumi ya tani. Hakuna mkulima atakayebaki na faida baada ya kulipa tofauti hiyo. Hoja ya wagonjwa inagusa zaidi, maana tangu 1957 madaktari warukao wa shirika la AMREF wameokoa maisha mengi kwa kutua kwenye viwanja vya nyasi. Lakini Tukuyu imeunganishwa kwa lami na hospitali ya rufaa ya Mbeya, na gari la wagonjwa lililo tayari litafika kabla rubani hajapata ruhusa ya kuruka. Tena kuna mawingu. Chini ya Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ukungu na mvua ni jambo la kawaida. Hatari ya hali kama hiyo imeshaonekana kwingine: ajali ya ndege ya Bukoba ya Novemba 2022, iliyoua watu 19 kati ya 43 waliokuwa ndani ya ndege, ilitokea wakati ndege ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa.

Mahali panapofanana na Mafia katika ukanda huu ni mwambao wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, kati ya Matema na Lupingu, ambako vijiji vingi havina barabara na mgonjwa husubiri chombo cha majini. Ng'ambo, kisiwa cha Likoma cha Malawi kina kiwanja chake cha ndege, mbali na usafiri wa meli. Kwetu milima imeshuka hadi majini na ardhi tambarare ni haba, kwa hiyo mwambao huo unahitaji kwanza meli zenye ratiba ya uhakika, kisha kiwanja cha dharura pale ardhi inaporuhusu, kama kwenye tambarare za mdomo wa Mto Ruhuhu, kusini mwa Lupingu. Songwe, iliyofunguliwa Desemba 2012 ikiwa na njia ya zaidi ya kilomita tatu, inaitosha Rungwe. Wawakilishi wa wilaya wadai barabara ya Uyole hadi Tukuyu itunzwe na magari ya wagonjwa yawe na mafuta, na fedha za kiwanja kipya wawaachie majirani zao wa ziwani.