SIMBA WA TSAVO NA MBUNG'O WA BUSOGA: Wazee wetu walivyolala nyikani

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Kila likizo inapokaribia, vijana wa madrasa huomba wapelekwe kambi. Wazazi nao huuliza swali lile lile: je, nyoka? Je, fisi? Ni swali zuri, na historia yetu wenyewe ina jibu lake. Waislamu wa kwanza waliofika upande huu wa Jinja na Mbale kutoka pwani hawakuja kwa basi wala kwa treni. Walikuja kwa miguu, na kila jioni kwa miezi kadhaa walilala porini. Leo tutazame walikabiliana vipi na wanyama na wadudu, na ni yupi kati ya hao aliyekuwa adui mkubwa zaidi.

NYIKA YA TARU

Msafara uliotoka Mombasa kwenda bara ulianza na mtihani. Nyuma ya minazi ya pwani kuna nyika ya Taru, nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu. Pale Taru kulikuwa na maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya mawe. Ukishaondoka hapo, hakukuwa na maji ya kutegemea mpaka Maungu, na katika kiangazi hata Maungu palikuwa na shida. Ndipo njia ikaendelea Taita, Tsavo, nchi ya Wamasai, mpaka Mumias. Kutoka Mumias misafara iligawanyika: mingine ilikwenda Busoga na Buganda, mingine ikafuata pembe za ndovu upande wa mlima Masaba, juu ya Mbale ya leo.

Kwa nini watu walibeba mizigo kichwani, kila pagazi frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi? Kwa nini wasitumie ngamia na punda kama Waarabu jangwani? Sababu kubwa ni mdudu mmoja, mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Aliua ng'ombe, farasi, punda na ngamia njiani. Hata wajenzi wa reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, walipoteza wanyama wao wengi wa kubebea mizigo katika nyika hiyo hiyo. Mdudu mdogo kuliko nyuki ndiye aliyeamua biashara ya Afrika Mashariki iende vipi.

KAMBI ILIVYOPANGWA

Kambi ilikuwa na utaratibu. Kirangozi akishatua, kila kundi lilijua kazi yake: wengine maji, wengine kuni, wengine kukata matawi ya miiba ya kuzungushia boma. Mioto iliwashwa na kuchochewa usiku kucha. Fisi huogopa moto, na moshi hupunguza mbu. Siafu walipoingia, hapakuwa na ushujaa: watu waliinuka, wakahama, na kumwaga majivu ya moto njiani kwao.

Ndugu wasomaji, tukitazama Sunna tunakuta mafunzo yanayolingana na haya kabisa. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaonya wasafiri wasitue njiani usiku, kwa kuwa njia ni mapito ya wanyama na mahali pa wadudu wenye sumu. Katika Bukhari na Muslim tumefundishwa kukung'uta malazi kabla ya kulala, kwani hatujui kilichoingia nyuma yetu. Tumefundishwa pia kuzima taa na moto wa nyumbani tunapolala, na ikatajwa sababu: panya anaweza kuburuta utambi na kuunguza nyumba. Na Bibi Khawla bint Hakim (R.A.) amepokea dua ya anayetua mahali, ya kujikinga kwa maneno kamili ya Allah na shari ya alivyoviumba.

Angalieni vizuri: dua ipo, na kukung'uta tandiko kupo. Kimoja hakikuondoa kingine.

SIMBA WALIOSIMAMISHA RELI

Mwaka 1898 reli ilipofika mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walianza kuwatoa wafanyakazi ndani ya mahema yao usiku. Wafanyakazi wengi walikuwa Wahindi kutoka Punjab, na Waislamu wengi miongoni mwao. Walijenga maboma ya miiba, wakawasha mioto, lakini simba hao walipenya. Watu wakalala juu ya miti na juu ya matangi ya maji. Mwishowe wengi walikimbia, na ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Mhandisi Patterson aliwaua simba wote wawili mwezi Desemba mwaka huo.

Waliliwa watu wangapi? Shirika la reli lilitaja Wahindi 28, bila kuwahesabu Waafrika. Baadaye Patterson alitaja 135. Simba hao sasa wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na nywele zao, wakakadiria kwamba walikula watu 35 hivi.

Habari hii inajulikana dunia nzima. Imeandikwa vitabu na kutengenezwa filamu. Sasa tuulize: nani anakumbuka yaliyotokea hapa kwetu, miaka michache tu baadaye?

MDUDU WA UFUKWENI

Mwaka 1901 madaktari wa Mengo waliona wagonjwa wa ajabu, wengi wakitoka Busoga. Mtu alianza kwa homa, akadhoofika, akapoteza fahamu zake, akalala mchana, na mwisho akafa. Huo ni malale, ambao Waganda waliuita mongota. Mwaka 1903 ilijulikana kwamba unaletwa na kijidudu kinachoingia damuni, na kwamba anayekibeba ni mbung'o wa kwenye vichaka vya ukingo wa maji.

Watu walikuwa wakishinda huko ufukweni. Walivua, waliteka maji, walipita na mitumbwi. Ufukwe wa Busoga, tunakokaa sisi watu wa Masese, na visiwa vya Buvuma vilivyo jirani, vilikuwa katikati ya balaa. Inakadiriwa kwamba katika miaka 20 ya mwanzo wa karne ile watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga, Buganda na visiwani. Kuanzia mwaka 1907 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha wakazi wa ufukweni, na baadaye wa visiwani, ili mbung'o akose mtu wa kumnyonya. Koo zikaacha makaburi ya wazee wao na mashamba yao, na ilichukua miaka mingi kabla ya watu kurudi.

Linganisheni basi. Simba wawili waliua makumi. Mbung'o aliua malaki. Lakini simba wana jumba la makumbusho, na waliokufa kwa malale wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

FUNZA NA SAMI

Funza naye si mwenyeji. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara zima hadi pwani yetu, akibebwa katika miguu ya wapagazi na askari. Aliyemfahamu alimtoa mapema kwa sindano. Asiyemfahamu alipoteza vidole. Hata mwaka 2010 Busoga iliteseka na funza kiasi cha habari hiyo kutangazwa nje ya nchi.

Na sami je, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kujaa mwaloni Masese? Watoto huwaogopa kuliko wote, na wao hawaumi! Wako watu kandokando ya ziwa wanaowakamata na kuwala. Kelele ya mdudu si kipimo cha madhara yake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, elimu ni kinga. Watu wa mwaka 1900 hawakuwa wazembe. Hawakujua tu. Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna udhuru. Malale yalirudi Busoga miaka ya 1970 na 1980, na ng'ombe wanaweza kuyabeba, basi anayepata homa isiyoisha apimwe.

Pili, wanafunzi wanaokwenda kambi wachukue chandarua kabla ya rungu. Wasitue kwenye njia ya wanyama wala kwenye kichaka cha maji. Wavae viatu, na wavikung'ute asubuhi, kwani nge hupenda giza. Chakula kifunikwe, na nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani, maana mbung'o huvutiwa na rangi hizo.

Tatu, tusiue ovyo. Nge na nyoka anayehatarisha watu tumeruhusiwa kuwaua. Lakini katika Bukhari na Muslim kuna habari ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja akachoma kijiji chao kizima, na Allah (S.W.) akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi.

Na tuwaombee rehema waliokufa katika ufukwe huu. Wazazi, wenye babu na bibi waliosimuliwa habari za kuhamishwa, waulizeni na muandike kabla hawajaondoka. Mfunge ngamia wako, kisha umtegemee Allah.

Wabillahi tawfiq.