Kitufe cha redio: kwa nini ukichagua huwezi kughairi?

Wasomaji wangu, leo tuangalie kile kiduara kidogo unachobonyeza kwenye fomu ya wavuti ili kuchagua jibu moja. Ukishachagua, waweza kuhamia jibu jingine, lakini huwezi kurudi ulipokuwa hujajibu lolote. Ubishi huu umetoka wapi?

Sisi waandishi wa programu tunakiita kitufe cha redio, na jina si la bure. Redio za magari za zamani zilikuwa na vitufe vya stesheni: ukibonyeza kimoja, kilichokuwa kimezama kinachomoka. Tarakilishi zikaiga tabia hiyo. Visual Basic ya mwaka 1991 ilikiita OptionButton, lakini mwenendo ni ule ule.

HTML 2.0, ya Novemba 1995, ilisema kitufe kimoja kiwe kimechaguliwa wakati wote. Usipotaja kipi, kivinjari kichague cha kwanza. Vivinjari havikukubaliana, kwa hiyo HTML 4.01 ya 1999 ikaliacha jambo hilo bila sheria. HTML5 ya 2014 ikaruhusu vyote vianze vikiwa vitupu. Njia ya kurudi kwenye utupu, hata hivyo, haikuwekwa.

Nilijifunza uzito wa jambo hili nilipoiandikia zahanati moja fomu. Swali: mgonjwa anavuta sigara? Ndiyo au Hapana. Karani aliteleza na kipanya, akabonyeza Hapana kabla hajauliza. Kufuta kulimaanisha kuanza fomu nzima upya, naye alikuwa na foleni mlangoni. Akaacha hivyo. Daktari akasoma "hapana" ambayo mgonjwa hakuitamka.

Nikaandika JavaScript ili kubonyeza mara ya pili kufute alama. Si rahisi kama inavyosikika: taarifa ya kubonyeza ikifika, kivinjari kimeshaweka alama, hujui kama ilikuwapo awali. Ilinibidi nihifadhi hali ya awali mwenyewe. Ikafanya kazi, ila waliozoea kubonyeza mara mbili upesi upesi wakawa wanafuta majibu yao bila kujua!

Mwishowe niliondoa ujanja wote, nikaongeza kiduara cha tatu: "Hajaulizwa". Karani akafurahi, daktari naye akajua la kuuliza.

Basi ukiandika fomu, kumbuka kwamba kutojibu nako ni jibu. Liwekee nafasi yake.