Mkonge wa Korogwe na mipaka ya ukuaji

Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kilimo kilichoanza na miche hiyo kilienea kutoka Pangani hadi Korogwe na Handeni, na mwaka 1964 uzalishaji wa nchi nzima ulifikia takriban tani 230,000 za nyuzi.

Manamba, vibarua wa mashamba hayo, waliokata majani ya mkonge na kuyapeleka korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi, walijua jambo moja: mkonge ukitoa mlingoti, lile shina refu la maua, umekwisha.

Sababu iko kwenye ncha ya shina. Hapo ndipo kila jani huzaliwa, likichomoza penye nafasi, mbali na yaliyolitangulia. Ndiyo maana majani huuzunguka mmea kwa mpangilio ule ule, shamba hadi shamba. Ncha hiyo hiyo ndiyo hugeuka mlingoti, na ikishageuka haizai jani tena. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250, kisha hufa.

Watafiti wa vituo vya kilimo vya Amani, na baadaye Mlingano, wilayani Muheza, walitaka majani mengi zaidi. Walichanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, wakapata chotara namba 11648, linaloweza kutoa majani kama 600. Walifaulu kuuchelewesha mlingoti, kuufuta hawakuweza. Mpangilio wa majani nao ulibaki vile vile.

Mwaka 1985, mwanabiolojia John Maynard Smith na wenzake waliandika kwa kina kuhusu mipaka ya aina hii. Mazingira, au mkulima, huchagua miongoni mwa maumbo ambayo ukuaji wa kiumbe unaweza kuyatoa. Umbo lisiloweza kukua halina wa kulichagua.

Mpaka mwingine uko kwenye uzazi. Mkonge wa kawaida hutoa mbegu kwa nadra. Mlingoti wake hujaa vikonyo, yaani miche midogo, na kila kikonyo ni nakala ya mama yake. Chotara nalo hupandwa kwa nakala, hivyo udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa shamba zima. Ugonjwa wa madoa ya majani uliopewa jina la Korogwe umelishambulia chotara hilo hilo.

Leo wakulima wadogo wa Korogwe na Handeni wanapanda mkonge kwa matumaini mapya. Serikali na watafiti wa Mlingano wana wajibu wa kutunza aina nyingi za mkonge na kuendelea kuzalisha machotara, kwani zao lenye nakala chache halina pa kukimbilia ugonjwa unapoingia.