Watu wa Karatasi

Kitabu Why I Am Not a Muslim kilipotoka Marekani mwaka 1995, mwandishi wake alijiita Ibn Warraq. Hilo halikuwa jina lake. Alilichota kwa Abu Isa al-Warraq, msomi mwenye shaka aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Warraq kwa Kiarabu ni mtu wa karatasi, mnakili na muuza vitabu. Kilichomsukuma kuandika ni fatwa ya mwaka 1989 ya kutaka mwandishi Salman Rushdie auawe. Mwaka 1998 akaanzisha taasisi ya kutetea jamii za Kiislamu zisizotawaliwa na dini, na kifupi cha jina la taasisi hiyo kwa Kiingereza kikawa, balaa iliyoje, ISIS.

Alikuwa na sababu ya kujificha. Kiswahili kina neno la zamani la kuuacha Uislamu, kuritadi, na fiqhi ya kale ilimwekea murtadi adhabu ya kifo. Wako wanazuoni wa leo wanaoipinga hukumu hiyo, lakini hata pasipo upanga kuna kutengwa na ukoo.

Mina Ahadi yeye alijitokeza hadharani bila lakabu. Mkomunisti huyu alikimbia Iran, na mumewe aliuawa na serikali iliyoingia baada ya mapinduzi ya 1979. Februari 2007, mjini Berlin, yeye na wenzake walitangaza Zentralrat der Ex-Muslime, yaani Baraza Kuu la Waliokuwa Waislamu. Jina lilikuwa kijembe: tayari lilikuwapo Baraza Kuu la Waislamu, nao walikataa kusemewa nalo. Wakachapisha picha zao na majina yao, wakiiga jalada la jarida la Stern la Juni 1971, ambamo wanawake 374 walikiri kuwa wamewahi kutoa mimba. Vitisho vya kifo vikafuata, na Ahadi akawekewa ulinzi wa polisi.

Juni mwaka huohuo Maryam Namazie, naye Muirani wa mrengo wa kushoto, akazindua baraza la Uingereza. Nchini Uholanzi, Ehsan Jami alianzisha kamati yake Septemba, akaandika makala pamoja na Geert Wilders, adui mkubwa wa uhamiaji wa Waislamu. Mwaka 2008 kamati ikavunjwa. Swali aliloliacha ndilo linaloyatafuna makundi haya hadi leo: anayekosoa dini aliyolelewa nayo atamzuiaje anayewachukia jamaa zake asiyabebe maneno yake?

Novemba 2015, mwezi wa mashambulizi ya kigaidi ya Paris, baraza la Uingereza lilianzisha mtandaoni kampeni ya #ExMuslimBecause. Wapo waliolaumu wakati uliochaguliwa. Ujumbe ulipita 100,000 hata hivyo, ukiwamo uliotoka nchi ambako kuritadi ni kosa la jinai. Humo zikaonekana picha za watu walioandika sababu zao kwenye karatasi, kisha wakaiinua karatasi hiyo ikafunika uso.