Waliozama na Khedive Ismail

Katika makaburi ya vita mjini Nairobi, nchini Kenya, ipo kumbukumbu ya askari wasiokuwa na kaburi. Miongoni mwao ni vijana wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail, tarehe 12 Februari, 1944.

Meli hiyo ilikuwa ya abiria, mali ya kampuni ya Misri, nayo ilitwaliwa kuwachukulia Waingereza askari wao. Iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo katika msafara wa meli tano. Ilipakia watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wauguzi, na askari na maofisa 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani.

Alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Hazikutimia dakika tatu, meli ikatoweka. Walikufa watu wapatao 1,300.

Wala msiba haukuishia hapo. Nyambizi ilijificha chini ya mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari ya Kiingereza Petard ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, yakawaua baadhi ya watu waliokuwa wakingoja kuokolewa. Mwishowe I-27 ilizamishwa.

Wachunguzi wa huko Ulaya wamebishana sana juu ya mabomu hayo. Je, ilikuwa halali? Nyambizi ikiachwa, zilikuwapo meli nyingine nne za kushambuliwa. Ni swali zito, na nahodha yule hakuwa na nafasi ya kulitafakari.

Lakini kwa maoni yetu uchunguzi unaoanzia hapo umechelewa kuanza. Wakubwa wa vita walijua kwamba nyambizi za Kijapani zinaiwinda bahari hiyo; hiyo I-27 ilikuwa imekwisha kuzamisha meli kadhaa mwaka 1943. Hata hivyo, siku hiyo meli tano zilizojaa wanajeshi zililindwa na manowari tatu tu, moja kati yake, Hawkins, ikiwa kuukuu ya tangu vita ya kwanza. Na karibu kikosi kizima kilipakiwa katika meli moja. Amri hizo hazikutolewa katika dakika za vurugu baharini. Zilitolewa mezani, kabla meli haijatoka Kilindini.